Naomba ushauri: linki fupi kwenye meseji za ofisi ya serikali
Hamjambo wadau. Niko ofisi moja ya serikali hapa Mombasa. Tunawatumia watu wa Likoni na Kisauni meseji za herufi 160, na linki zetu ndefu zinameza nusu yake. Mkubwa anataka tutumie bit.ly, huduma ya mtandaoni ya kufupisha linki. Mimi nasita: .ly ni ya Libya, si .go.ke ya serikali yetu, na mtu aliyewahi kutapeliwa kwa simu (nani hajajaribiwa?) hataibonyeza. Tena Google waliacha kutengeneza linki mpya za goo.gl, huduma yao ya kufupisha, mwaka 2019. Bit.ly nayo ikifungwa, mabango tuliyobandika kule feri tuyabandue? Nafikiria YOURLS, programu ya bure ya kufupisha linki, kwenye seva yetu wenyewe. Kuna aliyeiendesha ofisini? Usalama wake mliulindaje?