Gredi ya 4 wamerudi: hesabu nianzie wapi?

Mwalimu_G4: Walimu wenzangu, shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, Gredi ya 4 wakarudi Oktoba 12. Wengine walifuata vipindi vya KICD (taasisi ya mitaala ya Kenya) redioni, wengine hawakupata chochote. Niwapime vipi kabla ya kuendelea na silabasi?

Chaki_Nyeupe: Usianze na mtihani wa karatasi. Asiyeweza kusoma swali ataonekana hajui hesabu. Mwite mmoja mmoja, dakika 5, umpe 402 − 178, aeleze kwa sauti anavyofanya. Akipata 376, ametoa tarakimu ndogo kwa kubwa kila safu bila kukopa. Huyo hajashika makumi na mamia, na kumrundikia maswali mengine hakutamsaidia. Mrudishe kwenye vijiti: afunge mafungu ya kumi, kisha afungue fungu moja anapokopa. Sifuri ya katikati ndiyo inayowaangusha wengi.

Mwl_Hesabu: Naunga mkono. Wapange kwa kiwango dakika 30 kila asubuhi, halafu somo la kawaida. Pima tena baada ya wiki 2, la sivyo makundi yataganda. Kila mtoto awe na vijiti vyake, wasipokezane.

Mwalimu_G4: Asanteni. Na waliosikiliza redio?

Chaki_Nyeupe: Wapime vilevile. Redio haisimami mtoto akipotea.