Mtu mzima na heshima zangu, leo nimeambiwa "mfuate mtoto" kwenye milima ya Alps

Kabichi la Soni (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika kwa mkono mmoja. Wa pili nimeukandika barafu kwenye taulo la jikoni. Nipo Morzine, Ufaransa, chumba cha juu, wenzangu wako chini wanacheka. Nawasikia. Wakinyamaza kidogo mmoja anasema "mfuate mtoto" wanaanza upya.

Yule mtu wenu, mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa "wikiendi ya baiskeli ya kuwakutanisha Waswahili wa Ulaya". Yule wa jezi ya kubana mpaka unaona alichokula asubuhi. Yule ambaye mchango ukichelewa siku moja anakutumia ujumbe saa kumi na moja alfajiri: "Kaka, kimya?" Leo kanivua nguo hadharani. Mbele ya ng'ombe wenye kengele shingoni. Ng'ombe waliacha kutafuna, wallahi.

Sasa mimi baiskeli si mgeni. Nimekulia Soni. Nimeshuka Soni hadi Mombo na Phoenix ya marehemu babu, matenga mawili ya nyanya nyuma, breki za vyuma zinalia kama mbuzi wa Idd, na sikumwaga nyanya hata moja. (Haya, tenga moja.) Mtu kama mimi ndiye wa kuambiwa amfuate mtoto?

Tulianza vibaya tangu dukani. Baiskeli ya kukodi ina shokapu mbele na nyuma, tairi nene kama za Bajaji. Fundi akaniuliza uzito wangu ili ajaze upepo kwenye shokapu. Nikasema 85. Akanitazama toka juu hadi chini, akajaza wa 100. Hilo nimelisamehe.

Tukaenda Les Gets, tukapanda lifti ya Chavannes, nyie mmekaa kwenye viti, baiskeli inaning'inia kwenye ndoano. Juu kule Mont Blanc inaonekana nyeupe pee. Tukaingia njia ya bluu. Ya BLUU, ile rahisi, si nyeusi ya mafundi, msije mkasema nilijitakia. Kona ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tatu nikagusa breki kwa adabu kabisa, baiskeli ikasimama, mimi nikaendelea. Mont Blanc nimeiona mara mbili, ya pili ilikuwa kichwa chini.

Nimelala kwenye vumbi, mdomo umejaa Ufaransa. Yule mtu akaja, akasimama, akanitazama. POLE HAKUNIPA. Mnanielewa? Hata paka akidondoka ukutani anapewa pole! Akageuka, akaona kitoto cha miaka sita hivi, helmeti ina pembe za plastiki, akaniambia kwa sauti ya mwalimu wa zamu: "Kaka, wewe mfuate huyu mtoto."

Halafu akamwomba mama yake ruhusa. Kwa Kifaransa. Yaani nimeombewa.

Na nimemfuata, ningefanyaje? Kila kona kananisubiri, kamegeuka, kanapiga makofi: "Allez, monsieur!" Yaani, twende, bwana! Nina watoto watatu mimi. Nina mkopo wa nyumba. Allez, monsieur!

Semeni wenyewe, huyu mtu ni mzima?

Fundi Spoku
Kabla ya yote, mtoto alifika salama?

Mama Pilipili
Nipo kwenye basi nimecheka mpaka dereva kanitazama kwenye kioo. "Mdomo umejaa Ufaransa" 😂😂 Mimi nasubiri mtoto naye afungue uzi wake.

Otieno wa Bremen
Boss, ulilipa euro ngapi kufundishwa na mtu wa nursery? Hiyo ni bei rahisi, mimi coach wangu hata hanisubiri kwa kona.

Kabichi la Soni
Mnacheka lakini hamjajibu. POLE hakunipa. Sidai fidia, sidai machela, nadai neno moja la herufi nne. Akanipa maneno matatu, la mwisho likiwa "mtoto".

Mzungu Mweusi
Yalikuwa matano. "Kaka, wewe mfuate huyu mtoto." Hesabu nayo umeidondosha kwenye kona ya tatu?

Baiskeli Utrecht
Mkuu, wewe unaishi Uingereza sio? Basi kosa lako nalijua. Uingereza breki ya mbele iko mkono wa kulia. Huku bara, Ufaransa, Ujerumani na kwetu Uholanzi, ya mbele iko kushoto. Wewe uligusa kushoto ukidhani ni ya nyuma, kumbe ya mbele. Na hizi ni breki za diski zenye mafuta, zinataka kidole kimoja kila mkono. Ulitia vingapi?

Kabichi la Soni
Vinne.

Baiskeli Utrecht
Basi. Ungemwambia fundi dukani angekubadilishia, au ungejaribu pale pale nje ya duka kabla ya kupanda lifti. Na ukishuka kaa nyuma kidogo, magoti yalegee, usikae kwenye kiti kama umempakia bibi harusi.

Fundi Spoku
Kwa hiyo tenga la nyanya nalo ni kosa la Wafaransa?

Mama Pilipili
Jamani mwenzenu ana barafu mkononi, mnamfundisha fizikia. POLE kaka. Haya, umeipata. Funga uzi.

Kabichi la Soni
Yako naipokea dada yangu, lakini naitaka yake. Ajabu ni kwamba jioni hii ametuma picha kwenye kundi: mimi na yule mtoto kwa nyuma, na maneno "Kocha na mchezaji wake". Nyuso zote za kucheka mmetia nyie nyie humu, nimewaona majina.

Ukhty Leicester
Mimi huyo mtu nina lake la mwaka jana, naombeni nafasi. Alituagizia wote tartiflette, "chakula cha asili, lazima mjaribu". Viazi, jibini la reblochon, na vipande vya nguruwe ndani! Mtu ananijua mimi, anamjua mume wangu, kala ubwabwa wa Idd nyumbani kwangu! Nikala majani ya saladi na mkate. Bili ilipokuja akagawa sawa kwa sawa. Nimelipia nguruwe ambaye sikumgusa.

Mzungu Mweusi
Sasa HUU ndio uzi. Ule wa mtoto ulikuwa utangulizi.

Otieno wa Bremen
Nguruwe ni kidogo. Alituambia kadi moja ya lifti inapanda pande zote mbili, Ufaransa na Uswisi, tuvuke tu. Kweli inapanda. Hakusema Uswisi haiko kwenye Umoja wa Ulaya, laini yangu ya Ujerumani ikaanza kuhesabu pesa. Nimekaa Champéry namtumia wife video ya kengele za ng'ombe. Bili ilipofika nikadhani nimenunua hao ng'ombe.

Baiskeli Utrecht
Champéry msiichukulie poa. Pale ndipo kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli za milimani ya mwaka 2011, Mwingereza Danny Hart alishuka kwenye mvua na matope akashinda kwa zaidi ya sekunde 11. Mchezo ambao watu huachana kwa vipande vya sekunde! Na hata Les Gets alipoangukia mwenzetu pameandaa mashindano ya dunia mara mbili, 2004 na 2022.

Fundi Spoku
Kwa hiyo yule mtoto huenda ni bingwa wa 2040. Kabichi, umeanguka mbele ya historia.

Kabichi la Soni
Njia ya mashindano ni nyingine, mimi nilikuwa ya bluu. Turudi kwenye mada. Mtu mzima, amelala chini, unamwambia amfuate mtoto…

Ukhty Leicester
Kaka tumeshasikia. Mimi nauliza zile hela za nguruwe atarudisha nani?

Bwana Afya Mannheim
Kuhusu hela, nani alibaki na zile za amana ya nyumba mwaka jana? Tuliambiwa mwenye nyumba amekata kwa sababu ya harufu ya vitunguu kwenye mapazia.

Mama Pilipili
Haikuwa vitunguu. Ilikuwa sufuria. Kuna mtu aliondoka na sufuria kubwa ya mwenye nyumba, ile tuliyopikia pilau.

Mzungu Mweusi
Mnaona! Nilisema mwaka jana kuna mtu begi lake linagongana likitembea, mkaniambia ni spana.

Bwana Afya Mannheim
Sufuria ya Kifaransa ile, nzito chini. Pilau haikushika hata punje. Ningekuwa mwizi ningeiba hiyo hiyo.

Otieno wa Bremen
Huyu anajieleza sana.

Bwana Afya Mannheim
Nimesema NINGEKUWA.

Kabichi la Soni
Jamani, mkono umevimba.

Ukhty Leicester
Pole. Wewe si ndiye uliyekaa kiti cha nyuma kwenye gari la kwenda uwanja wa ndege wa Geneva? Hukusikia chochote kinagonga?

Kabichi la Soni
Nilisikia. Nikauliza, yule mtu akasema ni helmeti mbili.

Fundi Spoku
Helmeti hazina mikono miwili, mkuu.

Mama Pilipili
Subirini. Mimi kifuniko ninacho, kiliingia kwenye mfuko wangu wa viungo kwa bahati mbaya, Mungu ni shahidi. Sufuria yenyewe ndiyo sijui.