Mjadala: Klabu zetu za Tanga ziwe kampuni, au zibaki za wanachama?

MTOTO WA NGAMIANI: Wagosi, jana kijiweni kahawa ilitupoa mikononi kwa ubishi. Coastal Union ni ya tangu 1948, na ubingwa wa ligi ni ule mmoja wa 1988. Mwaka 2022 tumefika fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini, tumetoka 3-3 na Yanga, penalti zikatuua. Kila msimu ni bakuli mkononi. Simba wameingia mfumo wa asilimia 51 za wanachama kwa 49 za mwekezaji. Sisi tunasubiri nini? Apewe tajiri.

KARANI MSTAAFU: Mgosi, apewe nini? Klabu kisheria ni chama, kimeandikishwa kwa Msajili chini ya Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya 1967. Chama kina wanachama, hakina hisa. Ndiyo maana Simba ilibidi waguse katiba kwanza, ndipo ije habari ya kampuni. Halafu kuna mali: nyumba na viwanja hushikwa na wadhamini, na hao wanaandikishwa RITA, wakala wa serikali wa ufilisi na udhamini, kwa sheria nyingine kabisa. Ukiunda kampuni, unakwenda BRELA, wanakosajili makampuni. Hapo tayari ni madaftari matatu. Majina yakipishana, siku ya ugomvi kila kundi litakuja na karatasi yake yenye muhuri halali. Hilo ndilo la kunyoosha kabla tajiri hajafungua pochi. Na Mkwakwani msiihesabu, ule uwanja ni wa CCM.

BINTI CHUMBAGENI: Shikamoo mzee. Mimi hiyo 51 ndiyo inanichekesha. Ya wanachama gani? Ada watu wanaikumbuka mwaka wa uchaguzi, tena kadi kanunua mgombea. Tulikuwa na timu ya netiboli mtaani, tukahangaika hadi kwa afisa michezo, cheti kikatoka. Mwenyekiti akakiweka kabatini kwake. Alipohama, kikahama naye! Akaunti ya benki hatukufungua mpaka leo. Tajiri akija, atazungumza na wanachama au na kabati?

KIMANUMANU BARABARA YA 12: Nyie Coastal wa Barabara ya 11 mna cha kugombania, sisi African Sports tunawatazama tu 😂 Ila mkiuza mkadhulumiwa, msikimbilie mahakamani. Katiba ya TFF, shirikisho la soka la nchi, inataka migogoro ya soka iishie kwenye vyombo vya soka.

KARANI MSTAAFU: Marahaba binti. Kimanumanu, hilo ni la soka. Mkataba wa hisa au hati ya nyumba ni jambo jingine, na mawakili watakula hapohapo mnapobishana kesi ni ya aina gani.

MTOTO WA NGAMIANI: Mzee umenitia baridi. Basi tuanze na katiba. Nani anayo nakala? Tangu asubuhi nimeuliza watu watano wenye kadi, mmoja kanijibu, "Ipo kwa katibu." Katibu yupi, hakusema.