Tupeane uzoefu: vitu vilivyolika kwa kutumika na semi zilizochoka kwa kurudiwa

Ndugu wanajamvi, naona tunaueleza uchakavu kwa pupa. Tukishasema kitu ni kikuukuu tunadhani tumemaliza, ilhali jembe lililolika kwa kupalilia uwele kwenye kichanga halikuchakaa kama kanga iliyopaushwa na jua. Mwenye kitu kilichodumu nyumbani, au usemi uliorudiwa hadi ukapoteza makali, atueleze kwa undani umechakaa vipi na kwa nini.

Naanza na jiwe la kusagia la bibi yangu, kijijini Kongwa. Limebonyea katikati, na upande alikokuwa akipiga magoti umelika zaidi. Wageni husifu ulaini wake, lakini kwa msagaji ulaini huo ni hasara, kwa sababu jiwe likishakuwa laini mno nafaka huteleza juu yake bila kusagika. Ndiyo maana bibi alikuwa akiligongagonga kwa jiwe gumu zaidi mpaka uso wake ukwaruze tena, na unga wa kwanza baada ya hapo aliwamwagia kuku, kwa kuwa ulikuwa na mchanga.

Mwalimu, Bahi: Shukrani, ndugu. Jiwe hilo limenikumbusha insha za wanafunzi wangu, ambazo karibu zote huanza kwa kusema kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Tangu Siasa ni Kilimo ya mwaka 1972 hadi Kilimo Kwanza ya mwaka 2009, watoto wetu wamerithi kaulimbiu nyingi, nao huziandika bila kuona shamba lolote machoni. Niliwaomba waiache sentensi hiyo, kisha waeleze ni nani aliyepalilia mtama wa nyumbani kwao. Binti mmoja aliandika kwamba bati la jembe la mama yake limebaki upana wa kiganja, na kwamba mama hanunui jembe jipya kabla ya kulipa madaftari. Darasa zima lilinyamaza nilipoisoma. Kilimo kilikuwa kilekile, ila safari hii kilikuwa na mtu ndani yake.

Mkazi wa Dodoma mjini: Kwetu usemi uliochoka ulikuwa "Serikali inahamia Dodoma". Uamuzi ulipitishwa mwaka 1973, baba yangu akiwa kijana. Bunge lilihamia mwaka 1996, na mwaka 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba Serikali yote inahama, baba aliitikia "sawa" kwa sauti aliyoizoea miaka yote, akaendelea kula. Ni baada ya kuona malori ya kokoto yakielekea Mtumba, eneo lililotengwa kwa ofisi mpya za Serikali, ndipo alipouliza shamba letu litapimwa lini. Simlaumu hata kidogo. Naamini kurudiwa peke yake hakuchoshi neno, kwani salamu tunazirudia kila asubuhi na bado tunazihitaji. Sentensi ile ilichoka kwa sababu kwa miaka mingi ilisemwa bila kufuatwa na kitu kinachoonekana.

Mchangiaji wa Manyoni: Mimi nina mwiko wa mama mkwe. Husonga ugali kwa mkono wa kushoto, hivyo umelika upande usio wa kawaida, na sisi wengine tukiutumia haukombi vizuri chini ya sufuria. Tulimnunulia mpya. Anautumia kwa mboga.