Hojicha ya majani kwenye bakuli la smuthi: niitumieje?

Kijiko_cha_Mbao

Habari zenu wapenzi wa mapishi. Rafiki yangu anayesoma Kyoto ameniletea paketi ya hojicha, ile chai ya kijani ya Kijapani ambayo hukaangwa mpaka ikageuka rangi ya kahawia, nami ningependa kuitumia katika smuthi nzito ya kuliwa bakulini kwa kijiko. Maelekezo karibu yote niliyoyasoma yanataka unga wa hojicha, ilhali niliyonayo mimi ni majani yaliyochanganyika na vijiti. Je, niichemshe kama chai ya kawaida na kuimimina kwenye blenda, au ipo njia ambayo haitaufanya mchanganyiko kuwa majimaji? Naomba pia kujua kama embe linaweza kuchukua nafasi ya ndizi, na kama watoto wanaweza kula jioni, kwa kuwa nimeambiwa kwamba chai hii haina kafeini.

Tui_Zito

Ndugu Kijiko, usiipike kwa maji. Smuthi ya bakulini husimama kwa sababu ina matunda yaliyoganda na kimiminika kidogo mno, kwa hiyo kila tone unalotia lazima liwe limebeba ladha. Kikombe kizima cha chai ya maji kitakupa kinywaji chepesi chenye harufu ya mbali tu, hasa kwa vile baridi hufifisha harufu na utamu wa karibu kila chakula.

Chukua tui zito la nazi mililita 150, ulipashe moto mpaka lianze kutoa mvuke bila kutokota, kisha tia vijiko vitatu vya chai vya majani yako, funika, na uache kwa dakika kumi. Harufu ya hojicha hutokana kwa sehemu kubwa na pirazini, kemikali zinazozaliwa wakati wa kukaanga na ambazo zimo pia katika kahawa na karanga, na mafuta ya tui huishika harufu hiyo vizuri. Usiogope muda huo mrefu: sencha, yaani chai ya kijani ya Kijapani isiyokaangwa, ukiiacha hivyo itakuwa chungu, lakini moto wa kukaangia hupunguza katekini zinazoleta ukakasi, ndiyo maana Wajapani huimiminia hojicha maji yanayokaribia kuchemka bila wasiwasi. Chuja ukiyakamua majani, kisha weka tui kwenye friji mpaka lipoe kabisa, maana tui vuguvugu litayeyusha ndizi kabla blenda haijamaliza kazi.

Ndizi ziwe mbili, zilizoiva hadi maganda yakaanza kuwa na madoa meusi. Zimenye na kuzikata vipande kabla ya kuzigandisha usiku kucha, kwa sababu ndizi iliyoganda na ganda lake ni adhabu kwa mpishi na kwa mashine. Anza kusaga kwa nusu ya tui, simamisha, sukuma vipande chini kwa mwiko, kisha ongeza kidogo kidogo pale tu mashine inapokwama.

Kuhusu embe, ushauri wangu ni kuliacha. Uchachu wake hugombana na ladha ya moshi. Hojicha inapatana zaidi na vitu vilivyopita motoni au vyenye utamu mzito, kama vile ufuta uliokaangwa, korosho, tende na nazi iliyokaushwa.

Jiko_la_Ghorofani

Mimi hufanya kwa njia nyepesi zaidi: hupika chai kali sana, naigandisha kwenye trei za barafu, kisha nasaga vipande hivyo pamoja na ndizi. Hakuna haja ya tui, ambalo kwa maoni yangu huifunika chai.

Tui_Zito

Kuhusu tui kuifunika chai, dada Ghorofani, ni suala la ulimi wa mtu, na maziwa ya ng'ombe yasiyopunguzwa mafuta yanafaa pia. Barafu ya chai lakini ni maji, na maji yaliyoganda huacha punje zinazosikika kwenye meno na kuyeyuka haraka, jambo ambalo katika glasi halina tatizo ila bakulini linaonekana mara moja.

Majani_Mabichi

Naongeza mambo mawili. Kwanza, si kweli kwamba hojicha haina kafeini. Majedwali rasmi ya vyakula ya Japani yanaipa miligramu 20 kwa kila mililita 100 za chai iliyotengenezwa, sawa na sencha, wakati kahawa ina 60 na chai nyeusi 30. Kwa hiyo ni kidogo ukilinganisha na kahawa, lakini ukitumia vijiko vitatu katika bakuli moja kafeini huongezeka, nami ningewapa watoto asubuhi wala si jioni.

Pili, unga unaweza kuupata kutokana na majani uliyonayo. Saga kijiko kimoja katika mashine ya viungo iliyo kavu na safi isiyo na harufu ya bizari, ukichekeche kwa chujio lenye matundu madogo, kisha ukoroge kwa maji moto kidogo kabla ya kuutia, la sivyo utafanya madonge. Paketi ikiisha, kaanga chai ya kijani ya kawaida, hata ile inayotoka Kericho, kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo huku ukikoroga mfululizo, na uiepue mara tu inapokuwa kahawia, kwani ikipita hapo hubaki uchungu wa mkaa. Nyumbani Japani wapo wanaofanya hivyo kwa chombo cha udongo kiitwacho horoku, hasa chai inapoanza kuchakaa.

Kijiko_cha_Mbao

Nawashukuru nyote, nitatumia tui. Nimeona picha za bakuli lililonyunyiziwa kinako, yaani unga wa soya wa Kijapani, na kumiminiwa shira nyeusi. Je, unga wa soya ninaotumia kwenye uji unafaa?

Majani_Mabichi

Unafaa ikiwa soya ilikaangwa kabla ya kusagwa. Kama ni mbichi, usiunyunyize hivyo hivyo, kwa kuwa soya mbichi husumbua tumbo. Ukaange kwanza bila mafuta mpaka unukie kama karanga. Shira yao hupikwa kwa sukari nyeusi ya miwa isiyosafishwa, kwa hiyo sukari guru iliyoyeyushwa kwa maji kidogo itakufikisha karibu sana.