Vazi la kuogelea kwa pateni ya miaka ya 1950: kitenge, kitambaa cha taiti au mtumba? (ulinganisho)

UziNambari40 (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Nina pateni (vipande vya karatasi vya kukatia nguo) ya kampuni ya Simplicity, ya vazi la kuogelea la kipande kimoja, ya mwishoni mwa miaka ya 1950: kamba ya kufunga shingoni, kisketi kifupi mbele, mgongo uliokusanywa kwa mistari ya uzi wa lastiki, zipu ubavuni kushoto. Bahasha inasema saizi 14, kifua inchi 34, kiuno 26, nyonga 36.

Vipimo vya mteja: kifua sm 96, kiuno 78, nyonga 106, mzingo wa kiwiliwili kuanzia begani, kupita katikati ya miguu na kurudi begani 160. Cherehani ni ya kukanyaga, inashona mstari ulionyooka tu. Naona njia tatu:

A. Kitenge au poplini, kama pateni ilivyokusudia
B. Kitambaa cha taiti kinachovutika
C. Kufumua nguo za kuogelea za mtumba na kukata upya

Naomba ulinganisho wenye vipimo. "Inategemea" nimeshaisikia.

ChaiRangi
Ngoja wajuzi waje. Nimeketi.

FundiMakoroboi
Mkuu, kwanza namba. Saizi 14 ya bahasha hiyo siyo 14 ya leo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni za pateni za Marekani zilibadili jedwali: saizi 12 iliyokuwa ya kifua cha inchi 32 ikawa ya 34. Namba ichukulie kama jina la pateni tu, ukate kwa inchi.

Kwa njia A mteja wako amezidi pateni kwa inchi 4 kifuani, 5 kiunoni na karibu 6 nyonga. Gawanya kwa nne: inchi 1, 1¼ na 1½ kwa kila robo. Usiziweke zote ubavuni. Ukifanya hivyo kwapa linatoka nje na dati (kile kipindo cha kuumba kifua) haielekei tena kwenye ncha ya ziwa (ziwa la kifuani, siyo Victoria). Nakili pateni kwenye karatasi ya kaki, chana nakala wima sehemu mbili, moja ikipita kwenye ncha ya dati na nyingine katikati ya hapo na ubavu, tandaza kila mpasuko nusu ya ongezeko, kisha bandika kaki nyingine chini. Karatasi ya asili usiikate wala kuibandika kwa gundi ya selotepu. Ikiwa na mikunjo, pasi ya uvuguvugu bila mvuke inatosha.

Ule mzingo wa 160 hautakusaidia sana hapa, kwa sababu mgongo wa pateni hiyo unaishia chini ya mabega. Pima upya vipande viwili. Mbele: kutoka pembeni mwa shingo, kupitia ncha ya ziwa, hadi katikati ya miguu. Nyuma: kutoka usawa wa mkanda wa sidiria hadi hapo hapo. Linganisha kila kimoja na karatasi, ongeza sm 2 za kukalia, na pengo lolote ligawe nusu juu ya kiuno, nusu chini ya kiuno. Kwenye vazi la kipande kimoja urefu huharibu kazi kuliko upana. Likiwa fupi kwa sm 4 linachimba mapajani na kuvuta kifua chini, halafu fundi anahangaika kuachia mbavu ambazo hazina kosa.

Kitenge chenyewe: yadi 2 zinatosha. Hesabu ya kitambaa nyuma ya bahasha achana nayo, ni ya vitambaa vya inchi 35 au 36, na kitenge kina kama 45. Kifue mara mbili kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kukata, kitoe wanga na kisinyae mapema. Kisha lowesha kipande, kiweke juu ya kitambaa cheupe, piga pasi. Cheupe kikipata rangi, kitenge hicho kisiingie kwenye bwawa la mtu.

Ndani weka bitana ya nailoni laini ile ya shimizi, mita 1. Ukiweka pamba juu ya pamba, vazi litakaa na maji kutwa nzima. Na wanaosema pamba ikilowa huchanika wanakosea, uzi wa pamba huwa imara zaidi ukiwa umelowa. Ubaya wake ni uzito, na kwamba ikishalegea hairudi mpaka ikauke.

LastikiMilimita6
Ndugu hapo juu amesema vizuri, lakini mimi napigia kura B, na sababu iko kwenye historia ya pateni yenyewe. Spandeksi, uzi unaofanya taiti ivutike, ilitengenezwa mwaka 1958 na Joseph Shivers akiwa kampuni ya DuPont. Kabla ya hapo kilichovutika kilikuwa uzi wenye kiini cha mpira, Lastex, tangu miaka ya 1930. Kwa hiyo dati, zipu na mistari ya lastiki ni hila za kukibananisha na mwili kitambaa kisichovutika. Ukiweka kitambaa cha kuvutika juu ya pateni hiyo bila kuibadili, unapata nguo inayopwaya mabegani na kujaa maji kama ndoo.

Hesabu yake sasa. Kwa kitambaa kinachovutika, kata upana kwa 0.9 ya mwili na urefu kwa 0.95. Mteja anakuwa kifua 86, kiuno 70, nyonga 95. Pima karatasi yako bila nafasi za mshono. Kama walioichora waliacha sm 5 za kupumua kifuani na nyonga, na 3 kiunoni, itasoma 91, 69, 96. Unaona kitu? Saizi 14 ile ile, bila kuchanwa popote, inakaribia kumtosha mtu wa inchi 38. Unapunguza kifua tu, na kiuno na nyonga zinabaki zilivyo.

Dati ya ubavuni ifungue: shona mkusanyo wa sm 8 kwenye mshono wa ubavu, usawa wa ziwa, mbele ikikusanywa juu ya nyuma. Zipu itupe. Kisketi kibaki, lakini kikate bila kukipunguza kwa 0.9, kiwe huru chini, kishikwe juu tu.

Kuchagua kitambaa: kunja, weka alama mbili zenye umbali wa sm 10, vuta. Kifike 15 bila kulazimisha, kwa upana na kwa urefu, na ukiachia kirudi 10. Kikirudi 10½ mrudishie muuzaji. Halafu angalia nyuzi: kuna taiti za pamba na taiti zinazoteleza. Choma uzi mmoja. Ukinuka karatasi na kuacha jivu laini, hiyo ni pamba, iache. Ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu, endelea.

Lastiki: ya mpira, milimita 6 hadi 8. Mguu wenye mzunguko wa sm 60 kata lastiki 57. Mbele iende sawa kwa sawa bila kuvutwa, zile sm 3 zote zivutwe nyuma chini ya makalio. Ukivuta mzunguko mzima kwa usawa, mbele inakata paja na nyuma inapanda. Ukingo wa juu wa mgongo, sm 40 kwa lastiki 36.

ZigizagaMkolani
Nakubaliana na B, lakini hakuna aliyemjibu kuhusu cherehani yake. Mstari ulionyooka kwenye kitambaa cha kuvutika unakatika mtu akichuchumaa, kwa kuwa kitambaa kinanyooka na uzi haunyooki. Ukilazimika: sindano ya ncha ya mviringo namba 11, uzi wa poliesta siyo wa pamba, mshono wa milimita 2 hadi 2½, legeza kikaza uzi cha juu kidogo, na vuta kitambaa kwa mikono miwili mbele na nyuma ya mguu wa cherehani kadiri kinavyopita. Shona mara mbili, milimita 2 kati ya mistari. Mbavu zitastahimili. Miguu kwa hakika haitastahimili.

Kwa hiyo piga bandi (mishono mirefu ya muda) kila kitu nyumbani, mjaribishe mteja, kisha peleka vipande kwa mwenye mashine za ovaloki na zigizaga, ambazo mshono wake unavutika. Dakika ishirini kazi imeisha. Sindano ya kawaida yenye ncha kali inatoboa nyuzi za spandeksi, utaona vitundu vinavyokimbia kwenye mshono baada ya kufua mara mbili tatu, na lawama zitakwenda kwa kitambaa.

BaleLaAlfajiri
C isidharauliwe. Pale soko la Mlango Mmoja, Mwanza, bale likifunguliwa, vazi kubwa la kuogelea la saizi ya mtu mnene linatoa mbele na nyuma za mtu wa kawaida, na bitana yake na vikombe vyake unavipata bure. Kagua hivi: lishike mbele ya mwanga ulivute. Likitoa sauti ya kukwaruza, au ukiona vinywele vyeupe vinachomoza, spandeksi imeshakufa kwa klorini na jua. Kagua hasa makalioni na chini ya matiti, ndiko hufa mapema.

Ubaya wa C ni mmoja: huwezi kupata rangi moja ya kutosha kisketi pia. Hapo kisketi kiwe kitenge.

FundiMakoroboi
@BaleLaAlfajiri hilo la kisketi cha kitenge juu ya mwili wa taiti ni zuri kuliko A na B zenyewe, mradi kisketi kisishonwe mzunguko mzima kiunoni. Kishike ubavu hadi ubavu kwa mbele tu, vinginevyo kiuno hakivutiki na vazi halipiti nyonga. Kitenge kitakachobaki kinatoa sketi ya nje yenye vifungo au koti fupi la kuvalia juu. Miaka ile seti za ufukweni zilikuwa hivyo hivyo.

UziNambari40 (mleta mada)
Asanteni wakuu. Swali: nimejaribu mistari ya lastiki kwenye kipande cha poplini, haikusanyi. Inalala tu kama mshono wa kawaida. Na uzi wa juu unajitokeza chini kwa vitanzi.

MarindaNaMistari
Dada au kaka, orodha ya makosa ni fupi:

Uzi wa lastiki uende kwenye bobini (kigurudumu cha uzi wa chini) tu, juu poliesta ya kawaida. Uzungushe bobini kwa mkono, bila kuuvuta hata kidogo, wala usiujaze mpaka ukingoni. Ukiuvuta wakati wa kuzungusha, unabana bobini na hautoki sawasawa.

Mshono uwe milimita 3½ hadi 4. Mistari iachane sm 1, na kuanzia wa pili unyooshe kitambaa kiwe bapa kabisa unaposhona. Mstari wa kwanza haukusanyi sana kwa cherehani yoyote, usikate tamaa hapo. Fika wa tano ndipo uhukumu. Kisha pitisha pasi ya mvuke kwa juu bila kugusa, utaona inavyojikunyata. Upana wa kukata uwe mara 1½ hadi 2 ya upana unaoutaka.

Vitanzi chini: uzi wa juu umelegea, kaza kidogo kikaza uzi cha juu. Na kama bado haikusanyi, kikasha cha bobini kimebana lastiki kidogo mno. Skrubu yake ikaze robo mzunguko, siyo zaidi, na weka alama ya kalamu kwanza ujue pa kuirudisha. Kama cherehani yako ni ile kongwe yenye bobini ndefu kama sindano, achana na njia hii. Weka lastiki juu ya kitambaa na uishone kwa kuipitia pembeni kwa mkono, au itie ndani ya vijia vilivyoshonwa kwa bitana.

Mwanzo na mwisho wa kila mstari funga fundo la mkono. Kurudi nyuma kwa cherehani kunaweza kukata lastiki.

KakiNaMkasi
Nyongeza kwa wanaonunua pateni za zamani zilizonakiliwa kwa PDF badala ya bahasha halisi: mwambie wa steshenari achapishe asilimia 100. Akiacha mashine "ipunguze itoshe ukurasa" inaweza kushuka hadi 97 au 94. Kwa 94, kifua cha sm 90 kinakuwa 84.6. Pima kile kisanduku cha majaribio ukurasa wa kwanza kwa rula, kabla hajachapisha kurasa nyingine 30.

Na kwa wenye pateni zisizochapwa chochote, zenye matundu tu: maana ya matundu hutofautiana kampuni kwa kampuni. Isome ile karatasi ya maelezo, usikisie. Wengi hukata mkunjo wa kitambaa mahali pa mshono kwa sababu hiyo.

UziNambari40 (mleta mada)
Nimeelekea kwenye mseto: mwili wa taiti ya kuteleza, kisketi cha kitenge, mgongo kwa lastiki ya ukingoni badala ya mistari. Limebaki moja. Kifua kwenye picha ya bahasha kimesimama chenyewe. Taiti itasimamaje?

LastikiMilimita6
Haitasimama. Weka fremu ndani: sidiria ya bitana ya nailoni isiyovutika, yenye dati zake, ikishikwa kwenye ukingo wa juu na mbavuni tu, chini iwe na lastiki ya sm 1½. Mbavu za fremu zitie fito. Chuma kisicho na kinga kinapata kutu. Kwenye maduka ya vifaa vya umeme kuna zile kamba za plastiki za kufungia nyaya, chukua nene za upana wa milimita 8 au 9, kata, zungushia ncha kwa msasa mpaka zisikwaruze, na acha milimita 6 tupu kila mwisho wa kijia chake. Fito mbili ubavuni na mbili chini ya vikombe zinatosha. Mbele katikati usiweke, inamchoma mtu akikaa.

FundiMakoroboi
Na kama siku moja utarudi A, zipu iwe ya nailoni na ishuke angalau sm 10 chini ya kiuno. Ikiishia kiunoni, nyonga za 106 hazipiti, hata pateni iwe sahihi namna gani.

ChaiRangi
Mkuu mjulishe mteja pia kwamba Ziwa Victoria lina kichocho, vazi zuri hivyo ni la bwawani. Klorini itakula taiti pole pole, alisuuze kwa maji baridi akitoka tu na aanike kivulini. Asilikamue kwa kusokota, kitenge cha kisketi kitaacha makunyanzi na fito zitapinda.