Naomba ushauri: wateja wa WhatsApp wanachelewa kujibiwa

Habari zenu wakuu. Nina duka la pembejeo hapa Masasi, tuko wawili tu, mimi na kijana wangu. Msimu huu wa kupulizia mikorosho, wakulima wa Newala na Nanyumbu wanaulizia salfa, ile dawa ya ugonjwa wa ubwiriunga, kwa WhatsApp kabla hawajapanda gari. Wengine nawajibu jioni, wameshanunua kwingine. Siwalaumu, ubwiriunga hausubiri mtu.

Nimeweka majibu ya kujituma yenyewe kwenye WhatsApp Business. Wanasoma, kisha wanapiga kuuliza kilekile, maana bei inabadilika. Kijana nikimpa simu, kaunta inajaa foleni.

Je, niajiri mtu wa simu kwa miezi hii tu, au bei niwe naziweka status kila asubuhi? Wenye maduka ya hivi mnafanyaje?